Ncha Iliyopinda, Makali Yaliyomeguka: Kisa cha Kisu cha Mtumba, Wete

Kisu chenyewe ni Opinel nambari 8, cha kukunja, mpini wa mti na pete ya chuma shingoni. Kiliuzwa Wete, Pemba, kwa shilingi 24,000 na muuza vyombo vya mtumba, akakinunua mvuvi wa Kojani, na haukupita muda mrefu kikarejeshwa juu ya meza ileile kina dosari nne. Ncha imejikunja upande. Makali yana pengo karibu na katikati. Chini ya pete kutu imekula. Na kukifungua ni shughuli, mtu huvuta mpaka kucha imtoke. Mvuvi alitaka pesa zake zote. Muuzaji akasema haitoki hata ndururu.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, aliwasikiliza wote wawili akaona ugomvi una vichwa viwili, kimoja cha chuma na kimoja cha mauziano. Cha chuma akaniletea mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kunoa na kuchomelea. Cha mauziano akampa shehe anayesomesha fikihi, yaani sheria za dini, msikitini. Mahakama ya Kadhi haikutajwa hata kwa mzaha; kule watu hupeleka ndoa, talaka na mirathi. Basi tukakaa barazani watu wanne na kisu kimoja, na wa tano akaitwa baadaye, kijana mwenye baiskeli ya kunolea, maana kila waliposhindwana wale wawili walimtupia yeye.

Ugumu wa kisa hiki haukutokana na uongo wa mtu. Kila mmoja alikuja na sababu moja ya dosari zote nne. Mvuvi alinambia, "Ami, hiki kimeungua kabla hakijafika kwangu. Chuma kikishaungua kinapinda, kinameguka, kinashika kutu, kinakwama." Muuzaji naye akamgeukia, "Yakhe, umekipeleka baharini. Maji ya chumvi ndiyo yaliyofanya yote hayo." Ukiwasikiliza haraka, kila mmoja ana maneno. Ukikishika kisu, hakuna hata mmoja anayelingana nacho.

Visu hivi hutoka Savoie, Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, na vinapangwa kwa nambari kufuata ukubwa. Muuzaji alikuwa amemsifia mvuvi kwamba hiki kilipita vita vya Hitler mfukoni mwa askari. Hilo halikuwezekana, kwa sababu pete ya kuzungusha, ile inayozuia bapa lisijifunge juu ya vidole, ilianza kutiwa mwaka 1955. Mvuvi alifurahi sana kulisikia hili, akadhani kesi imekwisha. Haikwisha. Hadithi ya askari haikuharibu ncha.

Lililokuwa na uzito zaidi ni maandishi ya bapani. Chini ya ule mkono wenye taji, ambao ni alama ya kiwanda, kumechapwa neno Carbone. Kiwanda hicho hutoa aina mbili za bapa, la kaboni na lile lisiloshika kutu, na hili la pili huandikwa Inox. Mvuvi alinunua akiamini kwamba kisu cha Ulaya hakishiki kutu. Kwa bapa la kaboni, lenye kaboni asilimia 0.9 hivi, kutu ni desturi yake. Ukilikata ndimu ukaliacha usiku kucha, asubuhi limebadilika rangi. Hilo lilikuwa limeandikwa wazi, kwa hiyo tabia ya kushika kutu hatukuihesabu kuwa aibu, yaani kasoro ya bidhaa, iliyofichwa. Kutu yenyewe, ile iliyokwishachimba, ni jambo jengine, nami nitalifikia.

Nilianza na rula. Opinel nambari 8 ina bapa la sentimita 8.5. Hili lilikuwa 7.9. Kunoa makali kwa miaka hupunguza upana wa bapa. Hakupunguzi urefu kwa kiasi hicho. Nusu sentimita na zaidi ikiondoka mbele maana yake ncha iliwahi kuvunjika na mtu akaichonga upya. Mvuvi akaruka, "Si nilisema!" Muuzaji akatoa simu. Alikuwa na picha ya kisu aliyoitangazia biashara kabla ya kukiuza, na pichani ncha ni butu vilevile, ya duara kidogo. Aliitoa kwa kujitetea, kwamba mnunuzi alikiona kilivyo, na hapo alikuwa na haki. Ufupi ulikuwa dhahiri, mwenye macho ameuona. Lakini picha hiyohiyo ilimfunga pengine, kwa sababu ilithibitisha kwamba ncha ilichongwa kabla ya mauziano. Lililobaki ni kujua ilichongwa vipi.

Ncha nyembamba ukiiweka kwenye jiwe la umeme, kavu, bila maji, haina pa kupelekea joto. Bapa likiwa nene, joto husambaa. Nchani hujikusanya kwa sekunde chache tu, na chuma cha kaboni kilichosafishwa huonesha rangi kwa mpango: njano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia kwenye 250, zambarau karibu na 280, buluu karibu na 300. Bapa la kisu cha namna hii, baada ya kutiwa ugumu kiwandani, hupashwa tena moto mdogo ili lisiwe kavu mno, na moto huo kwa kawaida hauvuki 250. Ukiuvuka, ugumu unaondoka. Rangi unaweza kuifuta kwa msasa ikatoweka kabisa. Ulaini haufutiki.

Juu ya bapa hakukuwa na rangi yoyote, limeng'aa. Nikatazama kwenye kijitaro cha ukucha, pale mtu anapotia kucha kulivuta bapa, maana msasa hauingii vizuri mle. Upande wa mbele wa kijitaro, unaoelekea nchani, kulikuwa na zambarau. Nyuma yake kidogo kahawia. Mwisho wake njano ambayo ukiigeuza juani unaiona na ukiigeuza kivulini huioni.

Muuzaji si mtu wa kudharauliwa. Alisema, "Rangi hiyo ni ya embe. Kisu cha kaboni kikikata embe kinageuka buluu, kila mtu anajua." Na kweli, kila mtu anajua. Maji ya embe, ndimu, hata damu ya samaki hutia bapa la kaboni rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na watu wengine huipenda kwa sababu hupunguza kasi ya kutu. Ila rangi ya tunda huja madoamadoa, inakaa pale maji yalipotuama, haifuati mpango. Hii ilikuwa imejipanga kwa daraja kutoka mbele kwenda nyuma, moto mkali kwanza, moto mdogo mwisho. Na kama zambarau ilifika hadi kwenye kijitaro, basi ncha yenyewe, iliyokuwa karibu zaidi na jiwe, ilikwisha kupita buluu.

Kwa kuwa maneno ya rangi yanabishika, nikachukua tupa. Tupa juu ya chuma kigumu huteleza na kupiga kelele nyembamba, haishiki. Juu ya chuma laini huuma, unaisikia mkononi. Nikapitisha pembe ya tupa mgongoni mwa bapa, karibu na mpini, ikateleza. Katikati, ikateleza. Mbele, kama sentimita moja na nusu kabla ya ncha, ikaanza kuuma, na nchani ikaparura kama chuma cha dirisha. Nikampa muuzaji ajaribu mwenyewe. Alijaribu mara nyingi kuliko nilivyodhani atajaribu, kisha akaiweka tupa chini bila kusema kitu.

Kijana wa baiskeli aliingia hapa. Mvuvi alikuwa amempelekea kisu akinoe baada ya kukinunua, na muuzaji sasa akageuza kibao kwamba jiwe lililounguza ni la baiskeli. Haikuwa hoja ya kijinga. Jiwe la kuzunguka kavu linaweza kuunguza ncha hata kama linazungushwa kwa miguu. Lakini mikwaruzo ina tabaka, na tabaka zina zamu. Chini kabisa ilikuwa rangi ya moto, kijitaroni. Juu yake mistari myembamba ya msasa, imekata bapa kwa upana, ikaingia mpaka kwenye midomo ya kijitaro. Juu ya mistari ya msasa, tena kwenye ukingo wa makali peke yake, mikwaruzo ya jiwe la kijana. Basi moto ulitangulia msasa, na msasa ukatangulia jiwe. Nikamuuliza muuzaji nani alipiga msasa. "Mimi," alisema, "kila kitu ninachouza nasafisha." Hakujua kwamba amejibu swali kubwa zaidi ya alilosikia. Alikuwa amekinunua kisu Darajani, Unguja, pamoja na shehena ya bisibisi na spana, akaona bapa limechafuka rangi nyeusinyeusi mbele, akalifuta kama anavyofuta kila kitu. Mimi namwamini. Aliyekichoma ni mtu mwengine, huenda yuko Ulaya, na hatutamjua.

Kijana wa baiskeli akaambiwa anaweza kwenda zake. Alibaki, kwa sababu kisa kilikuwa kitamu.

Mpaka hapa mvuvi alikuwa anashinda, na alijiona hivyo. Pengo ndilo lililomrudisha nyuma. Chuma kilichopoteza ugumu hakimeguki, hujikunja. Ndiyo maana ncha ilipinda upande, ikabaki imepinda, bila kupasuka wala kukatika. Ukiibonyeza kwa kidole cha gumba juu ya mbao inarudi kidogo na kubaki hapo. Kumeguka ni tabia ya chuma kigumu kilicholazimishwa kwa njia kisiyoitaka. Pengo lilikuwa pale ambapo tupa ilikataa kuuma, yaani kwenye chuma kizima, kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani. Hoja ya mvuvi kwamba moto uleule uliopindisha ncha umemegua makali ilikuwa haisimami, na ilikuwa haisimami kwa dalili ileile aliyoifurahia dakika chache kabla.

Pengo lenyewe lilikuwa na umbo la nusu mwezi, upana wa milimita tatu hivi, uso wake wa kijivu wenye chembechembe, na ukingo wa makali pembeni mwake umeegemea upande mmoja. Kisu kikigonga kitu kigumu moja kwa moja, makali hubonyea kwenda juu. Yakiegemea upande, mkono ulipinda. Tena bapani, sambamba na pengo, kulikuwa na mikwaruzo mirefu ya kina isiyo ya jiwe wala ya msasa.

"Mwanangu," shehe akamuuliza, "ulifungua nini?"

Mvuvi akakaa kimya kidogo. "Chaza."

Chaza hufunguliwa kwa kupenyeza kisha kuzungusha mkono, na huo mzunguko ndio unaoua makali membamba. Kiwanda hichohicho hutengeneza kisu mahsusi cha chaza, nambari 9, bapa fupi na nene, la chuma kisichoshika kutu. Nambari 8 ni kisu cha mkate, tunda, kamba, chambo. Ungelikipa kazi ile kipya kutoka dukani kingemeguka vilevile. Na pengo halikuwepo kwenye picha ya simu.

Kutu ilituchosha. Nilitoa pete kwa plaizi, nikakuta vishimo vyeusi vilivyokwishakauka, na juu yake kutu nyekundu ya unga. Nyeusi ni ya zamani, nyekundu ni ya karibuni, hilo halina ubishi. Lakini "zamani" ni lini? Chumvi ya bahari ikikaa chini ya pete, mahali pasipopita hewa wala kitambaa, inaweza kuchimba bapa la kaboni kwa wiki chache. Droo yenye unyevu huko ilikotoka nayo inaweza kufanya hivyohivyo kwa miaka. Mwisho wa kazi, vishimo vinafanana. Muuzaji akapitisha ulimi kwenye pete akatangaza kwamba ni chumvi, kwa hiyo ni bahari, kwa hiyo ni mvuvi. Shehe akamwambia akalambe kufuli la duka lake. Nilichoweza kusema kwa haki ni kwamba kutu ile ingeweza kuwa ya yeyote kati yao, au ya wote wawili mmoja juu ya mwengine, na sikutaka kujifanya naona zaidi ya nilichoona.

Kukwama kwa bapa hakukuwa dosari kabisa. Mpini ni wa mti, mti hunywa maji, na hii ilikuwa Masika. Kisu kimelala chomboni, mpini umevimba, umelibana bapa. Nilikiweka ndani, kivulini, mbali na jua lisije likapasua mti, na baada ya siku kadhaa kilifunguka kwa kidole kimoja. Wenyewe huko Savoie kisu kikivimba hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa likachomoza. Mvuvi siku hizi anafanya hivyo kwenye ubao wa mashua.

Basi nilimkabidhi shehe mambo matatu: ncha iliyokuja na ubovu wake, pengo lililozaliwa Kojani, na kutu isiyo na mwenyewe. Sikutegemea kwamba fikihi ya Shafii, inayosomeshwa hapa tangu enzi za mababu, ingekuwa na mlango wa kila moja. Mnunuzi akikuta aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari, anaweza kurudisha. Wakihitilafiana aibu ni ya lini, hutazamwa kwanza kama hali yenyewe inajibu. Mfano wa vitabuni ni kidole cha ziada: hakuna anayeota kidole baada ya kununuliwa, kwa hiyo husadikiwa mnunuzi bila kiapo. Kinyume chake ni jeraha bichi kwa kitu kilichouzwa zamani: husadikiwa muuzaji, bila kiapo vilevile. Na ikiwa yote mawili yanawezekana, husadikiwa muuzaji pamoja na kiapo chake. Ncha ikaingia mlango wa kidole, pengo mlango wa jeraha, kutu mlango wa kiapo.

Muuzaji alikuwa na karata moja. "Nilimwambia, nakuuzia kama kilivyo, usinirudie." Mvuvi alikubali kwamba maneno hayo yalisemwa. Wengi wetu pale tuliamini yamemaliza kila kitu, maana ndivyo biashara za mtumba zinavyoendeshwa kutoka Darajani hadi Chake. Shehe alisema kwa qauli yenye nguvu ya madhehebu, kujivua huko humsaidia muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, kwa kuwa mnyama huonekana mzima naye anaumwa. Kisu si mnyama. Muuzaji akauliza mara mbili kama ana hakika. Na hapa shehe alitenga jambo ambalo mimi nisingelitenga vizuri: khiyari haimfanyi muuzaji kuwa laghai. Ghashi ni kuficha unachokijua, na huyu hakujua maana ya ile rangi aliyoifuta. Anarejesha kwa sababu kitu kina aibu, basi.

Kulikuwa na hatari moja kwa mvuvi, nayo muuzaji aliiona mwenyewe. Haki ya kurudisha inataka haraka. Aliyejua aibu akaendelea kutumia ameridhika. Ncha ilipinda siku ya kwanza ya kufumua nyavu, naye akaendelea na kisu hadi kwa chaza. Mvuvi alijibu kwamba aliona ncha imepinda, hakujua kuwa chuma ni kibovu. Alidhani ni ya kunolewa, na ndiyo maana akampelekea kijana wa baiskeli. Kijana akathibitisha kwamba alinyoosha ncha na kunoa, nayo ikapinda tena. Shehe akahesabu kujua kwake tangu ilipopinda mara ya pili, na baada ya hapo kisu kilikuwa kimekaa. Mimi naona alimhurumia kidogo. Aliyezoea visu angeshtuka mara ya kwanza.

Lakini kurudisha hakukuwezekana, kwa sababu ya pengo. Kitu kikipata aibu mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee. Ama muuzaji akikubali hivyohivyo, ama mnunuzi akirudishe pamoja na fidia ya aibu mpya, ama abaki nacho na alipwe arshi, yaani fidia ya upungufu wa thamani, kwa aibu ya zamani. Wasipoafikiana, hupewa anayetaka kitu kibaki kilipo. Muuzaji hakutaka kukiona tena kisu kile. Kikabaki.

Tukawauliza wachuuzi wawili wasiohusika. Kisu hiki kifupi hivi, tukiacha pengo na kutu kando, kama ncha ingekuwa ngumu kingekwenda ngapi? 30,000. Na ncha ilivyo? 20,000. Mvuvi akanyoosha mkono apewe elfu kumi. Shehe akamzuia, arshi haihesabiwi hivyo. Kilichopungua ni theluthi ya thamani, basi hurejeshwa theluthi ya bei iliyolipwa, na theluthi ya 24,000 ni 8,000.

Ikabaki kutu, na kiapo. Muuzaji alikuwa tayari, ameshavua kofia na kuivaa tena. Mvuvi ndiye aliyekataa. "Asile kiapo kwa kutu," alisema, "mimi mwenyewe sina hakika." Kwa hiyo kutu haikulipiwa.

Elfu tano zilitoka palepale, tatu baada ya Ijumaa. Mimi niliikata sehemu yote laini kwa jiwe la mkono na maji mengi, na bapa sasa halifiki sentimita 6 na nusu. Pengo nimeliacha, kwa kuwa kuliondoa ni kuyasaga makali yote, na mvuvi anasema kamba ya nailoni haitelezi ikifika pale. Ujira wangu sheha aliamua wagawane nusu kwa nusu. Muuzaji ametoa yake. Mvuvi anadai kwamba aliyepatikana na haki halipi, na shehe amekataa kuitwa tena.